Jimmy Chini ya Meza

Vijana, siku ile mliponialika pale maktaba niwafundishe kuchora mbwa, niliwaambia nitaandika, kwa sababu nikiongea sana nakohoa. Sasa nimeandika. Someni polepole. Na wewe wa kofia nyekundu uliyekuwa ukiangalia simu chini ya meza, nilikuona.

Kwanza kazi. Mbwa wa katuni haanzi kichwani, anaanza mkiani. Mkia ndio unaosema huyu ni wa nani na amekula wapi. Mkia ukisimama wima, huyo ni mlinzi wa mkubwa. Mkia unaotikisika unawekewa mistari mitatu midogo kila upande. Ukiweka minne anaonekana kama anafukuza nzi. Huyo wa mistari mitatu ni mheshimiwa aliyehama chama juzi. Mkia ukiingia katikati ya miguu, ni mheshimiwa huyo huyo baada ya uchaguzi. Mbavu zikionekana, ni mwananchi. Wengi wenu mnasahau mbavu, halafu mnashangaa mtu akiuliza mbona mwananchi wenu amenona hivyo.

Nyinyi mnachora kwa tableti, mkikosea mnagusa mahali fulani na kosa linaenda. Sisi tulichora kwa wino, na wino haurudi kwenye chupa. Ukikosea, unalitafutia kosa lile kazi. Niliwahi kumwagia waziri wino uso mzima, saa ya kupeleka ukurasa imefika, nikamgeuza kivuli cha mtu aliyesimama mlangoni. Wiki iliyofuata wasomaji waliandika barua kusifu hekima yangu. Nilizisoma zote na sikumrekebisha hata mmoja.

Mtu ataniuliza, kwani lazima mbwa? Si mngechora watu tu? Haya, sikiza. Gazeti letu lilikuwa la kila Ijumaa, linachapishwa hapa hapa Nakuru, na lilikuwa na wakili mmoja mrefu aliyetembea na mwavuli hata kiangazi. Kila Jumatano alikuja kuangalia katuni. Aliinama juu ya meza yangu na kuuliza, "Huyu ni mtu?"

"Ni mbwa."

"Mbwa hashtaki. Pitisha."

Mafunzo yangu yote ya sheria ni hayo. Miaka mingi nikachora mbwa, fisi na kobe, na wasomaji wakazoea. Fisi alikuwa mla rushwa, kobe alikuwa serikali ikileta barabara, mbwa alikuwa yule anayelambishwa sahani ili anyamaze. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nilikuwa nikinunua sukuma wiki sokoni na mama wa mboga ananiambia, "Yule mbwa wa jana nimemjua," na anataja jina ambalo mimi mwenyewe sikulifikiria, na mara nyingi alikuwa anasema kweli kunizidi.

Lakini mbwa sikujifunzia gazetini. Nilijifunzia kwenye mageti. Kabla ya gazeti nilikuwa naandika vibao, na aliyenifundisha ni fundi Odhiambo, mtu mwembamba aliyevaa tai akipaka rangi. Wakati huo msichana kupanda ngazi na kopo la rangi ilikuwa sinema ya bure kwa mtaa mzima. Odhiambo aliwafukuza watazamaji kwa kuwadondoshea matone ya rangi, bahati mbaya, kila mara bahati mbaya.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuchora mbwa mkali kwenye mageti ya watu wenye nyumba nzuri. Siku moja Odhiambo alikuwa mgonjwa na mimi nikaenda peke yangu kwa mama mmoja Milimani. Alikuwa na kambwa keupe, kenye nywele nyingi, kanaitwa Princess. Nikamchora Princess vile alivyo. Mama alifurahi sana, akanipa chai na mkate wa siagi. Wiki hiyo hiyo wezi wakaja, wakabeba televisheni, na Princess pia.

Odhiambo hakunigombeza. Aliketi juu ya kopo akaniambia, "Nyambura, mbwa wa geti asifanane na mbwa wa ndani. Tena asifanane na mbwa yeyote mwenye mwenyewe. Chora yule asiyekuwepo." Yeye alikuwa naye tayari, mmoja tu, meno yote nje, ulimi pembeni, jicho moja linakufuata popote unaposimama. Alinifundisha huyo hadi nikaweza kumchora macho yangu yakiwa yamefumbwa. Kwa miaka kadhaa nusu ya Nakuru ililindwa na mbwa mmoja.

Sheria ya Odhiambo niliifuata hata gazetini. Niliivunja mara moja, na kama si hiyo mara moja ningewaandikia ukurasa mmoja wa mikia na tungemalizana.

Ilikuwa hivi. Kule Rongai kulikuwa na stoo ya mahindi ya ushirika wa wakulima. Watu walileta gunia zao wakati wa mavuno, wakaziweka pale wakingojea bei ipande. Mwaka huo gunia zilianza kupungua, na kufuli ilikuwa nzima. Mwenyekiti wa ushirika aliitisha watu akawaambia ni panya. Watu wakauliza, panya gani hao wanaobeba gunia zima na kurudisha kufuli? Akasema siku hizi kuna panya wa kila aina.

Mhariri wetu alimtuma mwandishi kwenda kuuliza, na mimi nikapanda pikipiki nyuma yake, kwa sababu nilipenda kuona mahali kabla ya kupachora. Mwandishi akaingia ofisini. Mimi nikabaki uani, kwenye jiwe, nikatoa daftari. Mbele yangu alilala mbwa wa soja, mlinzi wa stoo. Mbwa wa kahawia, sikio la kulia limekatika nusu, mguu mmoja wa mbele mweupe mpaka gotini, na mkia uliovunjika zamani ukapona vibaya, umekunja kona katikati. Kwa mchoraji, mkia wa namna hiyo ni zawadi. Na alitulia! Saa nzima hakusogea. Soja mwenyewe, mzee Kiprono, alinipitia na kikombe cha chai akaniambia anaitwa Jimmy na hapendi watu wa bima. Tukacheka. Nikajaza kurasa nne.

Katuni ya wiki hiyo ilikuwa rahisi. Mwanamume mnene, na mimi nilimaanisha mwenyekiti, amekaa mezani, sahani ni gunia la mahindi, uso wake umefichwa na kofia kwa sababu wakili hakutaka uso. Chini ya meza kuna mbwa analamba mkono wake. Ubavuni mwa mbwa niliandika KAMATI kwa herufi kubwa, maana ni wanakamati walioona kila kitu wakanyamaza. Na mbwa nilimtoa moja kwa moja kwenye daftari. Sikio, mguu mweupe, mkia wenye kona. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Jumatano wakili akaja na mwavuli wake. Akasoma KAMATI, akatingisha kichwa. "Kamati ina watu saba, na wote saba wanaweza kushtaki. Toa neno." Mhariri akaweka rangi nyeupe juu ya neno. Mbwa akabaki hana jina. Mimi nikaona ni sawa tu, mbwa ni mbwa, wasomaji watajua. Ijumaa gazeti likatoka.

Jumatatu asubuhi mzee Kiprono alikuwa kwenye benchi la mapokezi yetu, amevaa koti la kanisani, gazeti limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Alinisalimia, akauliza kama nimeamka salama, akaulizia watoto. Kisha akalifungua gazeti juu ya magoti yake.

"Madam, huyu ni Jimmy."

"Ndiyo, mzee. Ni Jimmy."

"Anafanya nini chini ya meza?"

Nikaanza kumweleza mambo ya ishara. Nikasema huyu si Jimmy haswa, ni kamati. Alinisikiliza mpaka mwisho, yule mzee, na hakunikatiza.

"Sasa mimi hiyo najua kwa sababu umeniambia," akasema. "Lakini Rongai nzima inamjua Jimmy. Wanasema, kama mbwa wa Kiprono anakula mkononi mwa mwizi, Kiprono anakula wapi? Wanasema mimi ndiye nafungua kufuli. Jumamosi kuna mkutano wa kunitoa. Mimi nalala pale pale stoo, madam. Sina nyumba ingine. Miaka kumi na minane hakuna mtu amewahi kuniita mwizi." Akakunja gazeti tena vile lilivyokuwa. "Kuja uwaambie."

Nikamwambia nitakuja. Nilimaanisha, hilo mniaminie.

Nilikimbia kwa mhariri kumwomba tuombe radhi kwa maandishi. Mhariri alikuwa mtu mzuri lakini aliogopa sentensi fupi. Ijumaa ukurasa wa pili ukatoka na haya: "Gazeti linapenda kufafanua kwamba mbwa aliyeonekana katika toleo lililopita hakuwa mbwa yeyote." Aki ya nani. Watu waliokuwa hawajaiona katuni wakaitafuta. Wale walioiona wakasema, kama si kweli, mbona wanajitetea?

Asubuhi ya Jumamosi, kabla sijaondoka, mhariri alinishika kiwiko. Alisema niende, niseme ni makosa ya kisanaa, nirudi. Akasema mwenyekiti ana marafiki wanaotangaza biashara zao kwetu, na nisimtaje mtu. "Wewe ni mchoraji," akaniambia. "Ongea kama mchoraji." Nilimwelewa.

Mkutano ulikuwa uani, viti vya plastiki, watu wengi wamesimama kwa ukuta wa stoo, uliokuwa umepakwa chokaa juzi. Mwenyekiti aliketi meza ya mbele na soda. Alikuwa mtu wa nyusi nene, zilizokutana katikati, na meno ya mbele yenye mwanya. Alitufungulia kwa maombi marefu, akimwomba Mungu afichue yote yaliyofichika. Mzee Kiprono alisimama kando, kofia mkononi, Jimmy amekaa juu ya kiatu chake.

Wakaniita. Nikasimama nikasema nilikuja hapa nikachora mbwa huyu kwa sababu alitulia tu, basi. Hakumaanisha mwenye mbwa. Alikuwa mbwa tu.

Akainuka mama mmoja, Mama Chebet, mkulima wa mahindi na mbaazi, sauti yake inafika mbali bila kuisukuma.

"Madam, mimi katuni zako nimebandika jikoni. Ukuta mzima. Watoto wangu wamejifunza siasa hapo wakingoja ugali. Wewe ndiye ulitufundisha fisi ni nani na kobe ni nani. Miaka yote hiyo hukuchora hata kuku bure. Sasa leo, kwa sababu kumewaka moto, unatuambia mbwa ni mbwa?"

Watu wakacheka, lakini si kwa uzuri. Nilichowafundisha kwa miaka kumi, ningekifuta kwa dakika tano namna gani?

"Wacha nikusaidie," akasema Mama Chebet. "Kama si Kiprono, kuna mtu ulimaanisha. Hatutaki utaje jina, najua nyinyi mnaogopa korti. Lakini mkono wako unajua. Ukuta ndio huu. Tuchoree huyo mtu wa chini ya kofia." Akaingia jikoni kwa soja, akatoka na kipande cha makaa, akaniwekea mkononi.

Mwenyekiti akaweka soda chini. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. "Chora, madam," akasema, anatabasamu na mwanya wake. "Hapa sisi hatuna siri."

Nataka mnielewe hapa, vijana, kwa sababu hamtaambiwa na mtu mwingine. Ningeweza. Uso wa mtu yule ulikuwa rahisi kuliko mkia wowote nimewahi kuchora. Nyusi, mstari mmoja. Mwanya, nafasi ndogo tu usiyoigusa. Sekunde ishirini, na kila mtu uani angejua kwamba si Kiprono, kwamba Kiprono hakuwa hata kwenye fikira zangu. Nilikuwa na makaa mkononi na ukuta mweupe mbele yangu. Mzee Kiprono alikuwa ananiangalia bila kuomba chochote. Aliniangalia kama mtu anayengoja fundi amalize kazi anayoijua.

Nikafikiria mhariri. Nikafikiria watoto wangu. Nikafikiria mwavuli wa wakili, sijui kwa nini. Kisha nikainua mkono na nikachora mbwa.

Si Jimmy. Nilichora wa Odhiambo, yule wa mageti, meno nje, ulimi pembeni, jicho linalokufuata. Nilimchora upesi na vizuri. Mkono haukukosea hata mstari mmoja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwenyekiti ndiye aliyecheka wa kwanza, akapiga makofi. Wengine wakafuata. Mtu akasema, "Huyo ndiye tungeajiri, kuliko Jimmy!" Hata mimi nilitabasamu. Mama Chebet peke yake ndiye hakucheka. Aliniangalia kidogo, akarudi kuketi.

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mzee Kiprono akaambiwa atoe vitu vyake kabla ya jioni.

Nilimfuata nyuma ya stoo nikitaka kusema pole. Alikuwa anafunga blanketi na sufuria kwa kamba ya katani. Nikasema pole. Akasema ahsante. Nikasema tena. Akasema, "Nimesikia, madam." Halafu akamwita Jimmy, akamfungia kamba fupi shingoni, akanipa ncha.

"Mimi naenda Olenguruone kwa ndugu yangu. Ana kondoo na mbwa wake wawili, hawa watatoana roho. Mchukue wewe."

"Mzee, mimi siwezi kumchukua mbwa wako."

"Si wangu tena," akasema. Hakusema kwa hasira. "Watu wakimwona wanaona vile ulichora. Mimi sitaki kutembea na hiyo."

Nikarudi nyumbani Lanet kwa pikapu ya viazi, Jimmy ameketi juu ya gunia, sikio lake bovu linapepea.

Mtauliza mambo ya mwenyekiti. Nilimchora, ndiyo, uso wake wote, nyusi na mwanya, tena mara nyingi. Lakini hapo alikuwa ameshagombea kiti akaanguka, na gunia zilizopotea zilikuwa zimeshajulikana zilienda wapi, na hata watoto wa shule walikuwa wanamchora kwenye madawati. Mliona zile katuni kwenye maonyesho, mkanipongeza kwa ujasiri. Nami nikala keki.

Mkitaka somo, ni hili, na si la mkia. Mnyama ni dawa nzuri kwa mchoraji, mimi sikatai. Anakufikisha mahali ambapo uso wa mtu ungekataliwa mlangoni. Lakini kuna siku moja, labda moja tu katika kazi yenu yote, ambapo kuna mtu amesimama kando akingoja umchore yule mwingine, na ukimchora mnyama siku hiyo, kuna mtu analala nje. Tableti haina mahali pa kugusa ili kurudisha hiyo. Olenguruone si mbali. Barabara siku hizi ni ya lami karibu yote. Sijawahi kwenda.

Jimmy alikaa nami miaka tisa. Alilala chini ya meza yangu ya kuchorea, akila mkononi mwangu. Na gazeti letu lilisomwa Lanet pia. Mwezi wake wa kwanza kwangu, jirani yangu mmoja, mama wa kuuza maziwa, alisimama kwenye geti langu, akamwangalia mbwa, sikio, mguu, mkia wenye kona. Akaniangalia na mimi.

"Huyu si yule mbwa wa gazeti?"

"Ndiye."

"Yule anayelambishwa na mwizi wa mahindi?"

"Ndiye."

"Kumbe alikuwa wako," akasema polepole, akabeba mkebe wake akaenda.

Habari ikazunguka mtaani, kwamba mchoraji ndiye aliyenunuliwa, na mbwa wake ni ushahidi. Watoto wangu waliniomba niwaeleze watu ukweli. Sikueleza kitu. Katika miaka yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo katuni pekee ambayo wasomaji waliielewa sawasawa.